Kiwanja kinajaa maji Ununio, pwani ya Dar es Salaam, nijenge kwa nguzo au tofali tu?

Mkuu, kama masika maji yanakufika magotini hapo Ununio mimi naona simamisha nguzo za zege na bimu ya chini (mkanda wa zege wenye nondo unaofunga nguzo), tofali ziwe za kujazia kuta tu, maana msingi wa tofali peke yake mchanga ukihama huko chini ukuta unapasuka. Sakafu inyanyue ipite alama ya maji ya mvua kubwa kabisa, majirani watakuonyesha ukutani kwao.

Ila kinachoua nyumba za pwani ni chumvi aisee. Mchanga wa baharini usiguse hata ukiletewa kwa bei ya kutupa, maji ya kisima onja kwanza, yakiwa na chumvi nunua ya boza. Fundi asilaze nondo moja kwa moja kwenye mbao za kumwagia zege, aweke vipande vya zege chini yake ili nondo zifunikwe na zege sentimita 5 hivi, la sivyo kutu ikianza nondo inavimba inabandua zege lote.

Na kabla ya yote pima umbali, sheria ya mazingira ya 2004 inataka uache mita 60 kutoka ufukweni au mtoni, ukiwa ndani ya hapo usimwage hela, nenda manispaa kwanza.