Kabla hujakubali kazi, kahesabu vidato vyake

Nilikuwa nikibeba mizigo kwenye maghala ya Shimanzi, Mombasa, hadi ajali ya bodaboda iliponikatisha mguu wa kushoto chini ya goti. Kazi ya kwanza iliyonijia baada ya hapo niliipokea kwa mikono miwili: kukagua nguo kwenye karakana moja mjini. Iko ghorofa ya tatu, lifti hakuna, choo kiko chini. Nikawa sinywi maji mchana kutwa ili nisishuke. Kwa joto letu la Februari, soksi ya mguu wa bandia ilikuwa imelowa jasho kufikia saa nne. Kigutu kikachubuka, kikatunga usaha. Wiki ya tatu nikaambiwa nikapumzike nyumbani, na sikuitwa tena. Iliniuma sana, maana kazi yenyewe niliiweza.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa tiba ya kazi, yaani mtaalamu anayemsaidia mgonjwa au mwenye ulemavu kurudia shughuli zake. Hakuuliza nataka kazi gani. Aliuliza nasimama dakika ngapi kabla kigutu hakijaanza kuwaka. Tukaandika: kusimama dakika 40, ngazi hapana, kuketi kutwa sawa. Nilipokwisha jifunza ushoni, nilikwenda na kikaratasi hicho kwa mwajiri mwingine, nikamwomba vitu viwili: cherehani ya mota badala ya ya kukanyaga, na nafasi karibu na mlango. Akakubali papo hapo. Waajiri wengi hawana roho mbaya, hawajui tu tunahitaji nini.

Kwa hiyo ndugu yangu, barua za kuomba kazi zingoje kwanza. Kapimwe hospitali ya serikali, ujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili huo ndio mlango wa kuomba msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Kama huna ufundi, Bura kule Taita Taveta kuna kituo cha serikali kinachowafundisha wenye ulemavu. Hapa kwetu, katembelee karakana za Bombolulu, zilizoanza 1969, uone wenzetu wanavyofanya kazi.

Ukishaitwa kazini, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Rudi kesho yake saa sita, jua likiwa kali, utembee kutoka stejini hadi kwenye kiti chako, kisha hadi chooni, ukihesabu vidato.