Chumvi Imejaa, Maji Bado Magumu

Juzi msomaji wa Mtwapa ameniandikia: "Dada, nimefunga mashine ya kulainisha maji, mbona maji ya kisima bado yana chumvi mdomoni?" Nimejiona tena Bamburi miaka mitatu nyuma, risiti mkononi.

Mimi pia fundi aliniapia kwamba mashine ingetoa chokaa na chumvi kwa pamoja. Nikatoa pesa zangu zote za chama. Jioni nikaonja: chumvi ile ile. Simu yake haikupokelewa tena, na mpaka leo linaniuma.

Nduguzanguni, ardhi yetu ni mawe ya matumbawe. Maji ya kisima hupita humo yakabeba chokaa, ndiyo tunayaita magumu, na karibu na bahari yakabeba chumvi pia. Ni mambo mawili. Rezini, yaani punje ndogo za plastiki zilizo ndani ya mashine, hushika kalsiamu na magnesiamu, ndiyo hiyo chokaa, ikaachia sodiamu. Chumvi ya kisima haiguswi. Hiyo inataka mtambo mwingine, kwa bei nyingine. Ndiyo maana maji ya kunywa sichoti humo, hasa mama yangu ana presha.

Hata hivyo sikuing'oa. Sabuni ilitoa povu, shawa ya umeme ikaacha kuota ukoko mweupe, nguo zikalainika.

Kisha Ramadhani iliyopita povu likapotea. Nikafunua tangi la chumvi, ile tunayoinunua ili maji yake yaioshe rezini ishike chokaa tena: limejaa. Fundi mwingine akasema rezini imekufa, tununue mpya. Safari hii sikutoa hata shilingi. Nilichukua mpini wa ufagio nikagonga chumvi, ikalia tupu kama ngoma. Nikasukuma polepole. Ganda nene kama mkate wa sinia likapasuka, na chini yake palikuwa na uwazi mtupu, maji yako mbali hayaigusi chumvi. Ni unyevu wetu wa pwani unaoigandisha. Nikavunja vipande vyote, nikamimina maji ya vuguvugu, nikaiwasha mashine ijioshe. Asubuhi ndoo ya kufulia ilifura povu. Nililia kwa furaha, na sioni haya kusema.

Kwa hivyo gongeni chumvi kila wiki. Msijaze tangi hadi shingoni, nusu yatosha. Chumvi inavunwa hapa karibu, Gongoni na Marereni, lakini nunueni iliyosafishwa. Yenye mchanga huacha tope. Stima ikikatika, tazameni saa ya mashine, ndiyo huiamuru ijioshe lini. Yangu iliwahi kuanza kujiosha alfajiri watoto wakioga, wakapata maji magumu. Na gongeni chumvi, narudia. Tusikubali kuishi kwa maneno ya fundi ndani ya nyumba tulizozijenga kwa jasho.

Wewe wa Mtwapa, peleka maji yako maabara yapimwe ugumu na chumvi, kila kimoja na kipimo chake. Ukienda kununua tena, muulize muuzaji: "Hii inatoa chokaa au chumvi?" Jibu lake aliandike kwenye risiti.