Amenipiga, amenifungia nje, anataka kuuza nyumba: majibu ya maswali yenu

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanawake waliopigwa, au waliofukuzwa nyumbani pamoja na watoto. Majibu yanafuata sheria za Tanzania Bara.

Mume wangu alinipiga Jumamosi usiku, mkono umevimba. Zahanati wameniambia nikachukue kwanza PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na mimi naogopa polisi. Siwezi kutibiwa bila hiyo fomu? – Mama wa watoto wawili, Temeke

Pole sana, mama. Anayevuja damu au aliye katika hali mbaya hutibiwa kwanza, fomu inafuata. Wakikuzungusha, omba kuonana na mganga mfawidhi. Ila PF3 usiikimbie, kwa sababu ndiyo itakayokusemea mahakamani wakati uvimbe umeshapotea. Hutolewa bure kituo cha polisi. Ukifika, usieleze mambo yako kaunta mbele za watu. Sema unataka Dawati la Jinsia na Watoto, ambako kuna askari waliopewa mafunzo ya kusikiliza mashauri ya namna hii faraghani.

Daktari ndiye anayejaza sehemu ya majeraha: yako wapi, ni makubwa kiasi gani, yametokana na kitu gani. Kwa hiyo mwambie yote. Kama alikukaba shingo, sema. Kama kichwa kiligonga ukuta, sema. Wengi kwa aibu huonyesha mkono tu, na fomu inaandika mkono tu. Ikishajazwa, ipige picha.

Baadhi ya hospitali, kama Amana pale Ilala, zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako unawapata tabibu, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Na kama aliyekuumiza alikuingilia kwa nguvu, wahi hospitali kabla ya saa 72 kupita, ili upewe dawa za kuzuia VVU. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kusaidia hadi siku ya tano, ingawa kadiri unavyowahi ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Usioge kwanza, na nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni. Kuwa mke wa mtu hakukunyimi huduma hizi.

Wazee wa ukoo wamekaa kikao. Mume ametozwa faini ya mbuzi, nami nimeambiwa nirudi nikavumilie. Hii ni mara ya tatu. – Msomaji, Bunda

Mbuzi wataliwa na wazee, lakini anayerudi chumbani ni wewe. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vingine. Kumpiga mtu ni jinai, na kikao cha ukoo hakiwezi kuifuta jinai.

Najua utaambiwa pia uende Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Ni kweli, kwa kawaida maombi ya talaka hupitia huko kwanza. Lakini sheria hiyohiyo inairuhusu mahakama kulipokea shauri bila baraza pale ambapo kuna mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Msimamo wangu ni kwamba usuluhishi usitangulie usalama. Hakuna mazungumzo ya haki kati ya mtu na anayemtia hofu ya kufungua mdomo. Kalale kwanza mahali ambapo hapigi mtu hodi kwa teke, halafu mengine yafuate.

Ametufungia nje, mimi na watoto watatu. Nyumba ina jina lake peke yake na nasikia anatafuta mnunuzi. Nifanye nini, na tulale wapi? – Kahama

Nianze na pa kulala. Kama kuna ndugu asiyemwogopa mumeo, nenda kwake na umjulishe mwenyekiti wa mtaa. Kama hakuna, nendeni kituo cha polisi, hata kama ni usiku wa manane. Dawati na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndio wanaoweza kukuunganisha na nyumba salama. Nyumba hizo hazina kibao na mahali zilipo hufichwa kwa makusudi, kwa hiyo mtu hupelekwa.

Ukweli unaouma ni kwamba ni chache mno, na nyingi zinaendeshwa na mashirika au watawa. Zile za Mugumu na Masanga, mkoani Mara, zilianza kwa ajili ya wasichana wanaokimbia ukeketaji. Mama mwenye watoto watatu anaweza kuzunguka mji mzima wenye stendi na masoko asipate hata chumba kimoja kilichotengwa kwa ajili yake. Madiwani wetu wanapopitisha bajeti, hili waulizwe bila kuonewa haya.

Sasa nyumba. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamkataza mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina ni lake tu. Kama ina hati, weka zuio kwa Msajili wa Hati. Kama ni ya makaratasi ya mtaani, mwandikie barua mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, kwa sababu mauziano mengi ya mtaani hupita kwenye muhuri wao. Baki na nakala iliyogongwa "imepokelewa". Na usikubali kuambiwa hukuchangia kitu: tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za mama wa nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA) na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC) hutoa msaada wa sheria kwa wanawake wasio na uwezo, na wilayani uliza wasaidizi wa kisheria.

Hatukufunga ndoa, tumeishi miaka sita. Nina haki yoyote? – Morogoro

Unayo, dada. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, mnadhaniwa kuwa wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata ikithibitishwa vinginevyo, bado unaweza kuomba matunzo yako na ya watoto.

Jirani yetu anapigwa karibu kila wikiendi, ukuta wetu ni mmoja. Mume wangu anasema ndoa za watu tusiziingilie. – Mbagala

Ingilieni, ila kwa akili. Kipigo kikiwa kinaendelea, piga 112 au mwite mjumbe, na msiende mtu mmojammoja. Mtoto akiwa hatarini piga 116, ni bure.

Siku mumewe yuko kazini, kaa na huyo dada. Usimuulize kwa nini haondoki. Mwambie mfuko wake unaweza kukaa kwako: kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, dawa anazotumia, nguo za watoto, nauli. Kubalianeni ishara, kwa mfano mtoto akija kuomba chumvi usiku, wewe unapiga simu polisi. Usimtumie ujumbe, simu yake huenda inasomwa. Na mume wako mpe kazi ya kuandika tarehe na saa za kila mnachokisikia, kwa sababu siku shauri likifika mahakamani, nyinyi wawili ndio mashahidi.