Paneli za vinaili ndani ya boti: ficha skrubu, ila usijifungie njia ya kuzitoa

Wengi wakifika kwenye hatua ya kupamba ndani ya boti kwa paneli, yaani mbao zilizovishwa sponji na vinaili, wanauliza gundi gani inashika zaidi, na mi huwa nawarudishia swali, hiyo paneli utaitoaje? Maana kwenye boti nyuma ya kila paneli kuna kitu. Kuna nyaya za taa, kuna mabomba, kuna nati za vile vyuma vya kufungia kamba vilivyopo juu ya deki, na nati ikianza kuvujisha lazima uifikie kwa mkono na spana. Ukiwa umegandisha paneli yote kwa gundi basi unaibomoa tu, sponji na vinaili kwaheri. Kwahiyo kabla ya kununua kifungio chochote naamua kwanza paneli inakaa wapi, ukutani au darini, na itatoka kwa kuvutwa upande gani.

Ubao sina maneno mengi. Plaiwudi ya boti, mm 6 pakiwa pamenyooka, mm 3 au 4 pakiwa na mkunjo. Matundu yote yatoboe kwanza ndo upake epoksi au vanishi, mbele, nyuma na kwenye kingo, maana maji huingilia kwenye kingo na kwenye matundu. Sponji iwe ile isiyonyonya maji. Pini za stepla za kubana kitambaa ziwe stenlesi, ile ya daraja la 316 inayohimili maji ya chumvi ukipata, hizi za kawaida zinapata kutu na kutu inachungulia hadi upande wa mbele wa kitambaa, na hiyo doa haitoki hata usugue vipi.

Sasa vifungio. Velcro mi naiweka kwenye vifuniko vidogo tu vya kufunguliwa mara kwa mara. Kuna ile Dual Lock ya 3M, ambayo pande zote mbili zina vichwa kama vya uyoga vinavyonasana na ukibonyeza inalia ta! ta! ta!, hiyo inashika kweli na kwenye ukuta ulionyooka naikubali. Shida yake sio vile vichwa, shida ni gundi ya mgongoni. Ukiibandika kwenye plaiwudi kavu isiyopakwa kitu, siku ukivuta paneli tepu inabaki ukutani na unyuzi wa mbao juu yake. Piga msasa, futa kwa spiriti, bandika, gandamiza kwa nguvu, alafu iache bila mzigo, gundi za aina hii zinafikia nguvu yake kamili baada ya saa kama 72 hivi. Watu hawana hiyo subira, wanabandika asubuhi mchana wananing'iniza paneli, alafu lawama zinaenda kwa tepu. Upande wa paneli huwa naongezea pini mbili za stepla kila mwisho wa kipande cha tepu, pini fupi zisitokeze mbele.

Darini sahau tepu peke yake. Paneli ya dari inavutwa chini saa 24, boti ikipiga mawimbi inatikisika, na boti ikifungwa juani joto linalainisha gundi. Hapo nataka kitu cha kushika kwa umbo, yaani klipu za kubonyeza, dume kwenye paneli na jike kwenye fito (vipande vya mbao vinavyoshikizwa kwenye boti nyuma ya paneli), kama zile za kampuni ya Fastmount, na ukingo mmoja wa paneli uingie chini ya ukanda wa mbao ili hata klipu zikiachia isimwangukie mtu kichwani. Hizi klipu za kutundika, ambazo paneli unainyanyua ndo inashuka kwenye ndoano, ni nzuri sana kwa kuta, ila zinahitaji nafasi juu ya kunyanyulia, na hiyo nafasi lazima uifunike na kitu. Mtu akishapima paneli ikagusa dari kabisa, ndoano hazitaingia kamwe.

Fito za kushikia klipu zigandishe kwenye ubavu wa boti kwa epoksi baada ya kukwangua rangi na kupiga msasa, au zifunge kwenye mataruma, yaani mbavu za ndani, kama boti ni ya mbao. Usipige skrubu kwenye ubavu wenyewe. Hata ukitoboa fito tu, zungushia tepu kwenye keekee kuonyesha kina cha mwisho, faiba sehemu zingine ni nyembamba kuliko unavyodhani na upande wa pili ni maji. Fito zikilala, zikate pengo hapa na pale ili unyevu unaotona nyuma ya paneli ushuke na hewa ipite.

Kazi yenyewe hasa ni kuhamisha alama, yaani dume likutane na jike bila wewe kuona. Njia yangu ni rangi ya mdomo. Funga klipu za upande wa fito, paka rangi kidogo kwenye ncha zake (au kwenye vipini vyenye ncha vya kupimia kama klipu inakuja navyo), shika ubao ukiwa bado mtupu, uweke mahali pake ukiwa umebanwa na vipande vya kadibodi pembeni, gonga kwa kiganja. Ukiutoa unakuta vidoti vyekundu mgongoni, hapo ndo katikati ya tundu. Mi naweka klipu kila sm 25 hadi 30 na kona siziachi mbali. Kama plaiwudi ni nyembamba, gundisha kwanza kipande cha plaiwudi nyuma ya kila klipu, maana skrubu fupi kwenye mm 4 inang'oka ukivuta mara ya pili.

Vidoti vikikubali bado kuna unene wa kitambaa, na hapa ndo vipimo vinaharibikia. Vinaili ikikunjwa nyuma pamoja na pini inainua paneli mm moja au mbili, klipu ikawa haifiki, basi weka washa nyembamba (kile kiduara chenye tundu) chini ya klipu, na sehemu ya klipu usipitishe kitambaa kabisa. Pembeni nako, paneli mbili zinazokaribiana zinahitaji nafasi. Chukua kipande cha vinaili yako, kikunje kwenye ukingo wa ubao na sponji yake, pima, ndo upunguze ubao. Mara nyingi inakuja mm 2 au 3 kila upande.

Kabla ya kufunga piga picha ya nyaya na mabomba yalivyokaa, alafu mgongoni mwa kila paneli andika namba na mshale kwa maka peni, ukingo upi unaanza kutoka. Klipu za kubonyeza zinatolewa kwa kisu kipana cha plastiki ukikiingiza karibu kabisa na klipu na kuvuta moja kwa moja, Dual Lock unaianzia kona moja na kuimenya taratibu. Na klipu za akiba nunua siku hiyohiyo, za aina ileile, maana ya kampuni nyingine hata ikifanana huenda isiingie kwenye jike lako.