Anwani ya seva inayopotea kila inapowashwa upya

Ndugu, nimekuelewa: kadi ya mtandao ya seva yako ya Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) unaipa anwani ya IP (namba inayoitambulisha mtandaoni) kwa amri ya `ip addr add`, inafanya kazi, lakini seva ikiwashwa upya anwani haipo. Amri hiyo hubadilisha hali ya sasa tu. Ya kudumu huandikwa katika faili la YAML (muundo wa maandishi ya mipangilio) ndani ya `/etc/netplan`, folda ya Netplan, zana ya Ubuntu ya kupanga mtandao; humo nafasi za mwanzo wa mstari zina maana na herufi ya tab haikubaliki. Kwa kuwa unaingia kwa SSH, yaani kutoka mbali kupitia mtandao huohuo, tafadhali usikimbilie `netplan apply`, inayotekeleza mabadiliko moja kwa moja. Tumia `netplan try`, ambayo hurudisha mipangilio ya zamani baada ya sekunde 120 usipothibitisha. Niliwahi kujifungia nje kwa kukosea tarakimu moja. Kama umeunganisha kadi kadhaa kwa bondi (zifanye kazi kama kadi moja), usitegemee kinga hiyo: msimamizi wa mtandao awe karibu na mashine yenyewe.