Uwajibikaji kwanza
Umeuliza ni sifa ipi ya kiongozi bora inayotangulia nyingine zote. Kwa maoni yangu ni uwajibikaji. Katika miaka ya 1970, Ali Hassan Mwinyi akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Tanzania, watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga waliteswa na baadhi yao wakafa, naye, ingawa hakuagiza wala kushiriki unyama huo, alijiuzulu kwa kuwa ulitendeka chini ya dhamana yake. Hekima na ufasaha vina nafasi yake, lakini anayewatupia lawama walio chini yake haaminiki. Wala kujiuzulu hakukummaliza: mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Tanzania.