Mwanangu, nanasi linasingiziwa

Binti yangu,

Ujumbe wako nimeusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi baada ya chai. Unauliza juisi ya matunda ina faida gani kwa mimba ya miezi mitano, na kama ni salama, maana mama mkwe wako amekataza papai na nanasi akisema yanatoa mimba, na wifi yako kila jioni anakuletea jagi la rozela au bitruti ili uongeze damu. Na wewe mwenyewe, kwa joto hilo la Mbagala, roho iko kwa muuza juisi ya miwa hapo kituoni. Nakujibu kama baba na kama bwana afya mstaafu, mtu ambaye vibanda vya juisi nimevikagua zaidi kuliko nilivyowahi kunywa humo.

Faida ipo. Chungwa, pera, pasheni na embe vina vitamini C, na vitamini hiyo inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha, maharage na vile vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki. Chai na kahawa zinafanya kinyume chake. Kwa hiyo ile tabia yako ya kumeza kidonge kwa chai ya rangi iache leo hii. Meza kwa maji, kula chungwa au kunywa nusu glasi ya juisi yake, na chai ije baadaye, saa moja au mbili mbele. Kidonge chenyewe usikiache hata siku moja kwa sababu ya juisi. Hakuna jagi linaloziba pengo lake.

Sasa nanasi. Mama mkwe wako alilolisikia lina chanzo: ndani ya nanasi kuna kimeng'enya kinachoitwa bromelaini, ndicho kinachosingiziwa kutoa mimba, lakini kingi kiko kwenye shina na kwenye kile kiini kigumu tunachokitupa. Vipande vichache vya nanasi lililoiva havijulikani kutoa mimba ya mtu. Vitakachokupa ni kiungulia, hasa tumbo likishakua. Papai bivu nalo ni chakula kizuri, tena litakufaa kwa ule ugumu wa choo uliolalamikia, ambao mara nyingi huletwa na vidonge vya chuma. Bichi, lile lenye utomvu mweupe, ndilo la kuachwa, kwa sababu utomvu wake unashukiwa kuusisimua mfuko wa uzazi. Hapo mama mkwe wako yuko sahihi. Mwambie hivyo kwa heshima, kwamba bichi umeliacha kama alivyosema, na bivu unakula kidogo. Nadhani mtaelewana.

Kwa wifi yako nitakuwa mkali kidogo. Wekundu wa juisi si damu. Bitruti ina foleti, vitamini inayosaidia kutengeneza damu, sawa, lakini chuma chake hakifiki hata miligramu moja katika gramu 100, na mjamzito anahitaji karibu miligramu 27 kwa siku. Sahani ya maharage na dagaa, yenye ndimu iliyokamuliwa juu, inafanya kazi kubwa zaidi. (Ukinywa bitruti ukaona mkojo mwekundu, usikimbie hospitali usiku, ni rangi yake tu. Ila damu kwenye nguo ya ndani ni jambo jingine, hiyo kimbia.) Rozela ningekuomba uiache mpaka ujifungue. Inashusha presha, na usalama wake kwa mjamzito haujathibitishwa. Mshukuru wifi, mwombe alete machungwa badala yake.

Suala la sukari watu hawalipendi. Glasi ya mililita 250 ya juisi halisi ya chungwa, bila kuongeza kitu, ina sukari ya kama vijiko vitano vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linaihesabu sukari ya kwenye juisi pamoja na ile ya kopo, na linasema ni vizuri zaidi zote kwa pamoja zisizidi gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko sita. Ukila chungwa zima, nyuzi zake zinakushibisha na sukari inaingia taratibu. Ukilikamua, nyuzi zinabaki kwenye chujio. Glasi ndogo moja kwa siku, pamoja na chakula, inatosha. Kiu ikatwe na maji. Miwa ni sukari tupu, usijidanganye. Na kati ya wiki ya 24 na ya 28, wakati ambao unaukaribia, omba upimwe sukari ya mimba hata kama hujisikii vibaya, kwa kuwa mara nyingi haioneshi dalili yoyote.

Ila kinachonikosesha usingizi zaidi ni maji. Siku nyingine simama pembeni ya kile kibanda bila kununua, uangalie. Miwa iliyomenywa imelowekwa kwenye ndoo tangu asubuhi. Mashine ina makapi ya jana kwenye meno yake, nzi juu yake. Bonge la barafu limefika kwa bodaboda ndani ya kiroba, linapondwa kwa nyundo juu ya sakafu, na ni barafu ileile inayokwenda kwa wauza samaki. Glasi zinasuuzwa zote kwenye ndoo moja mpaka maji yanakuwa kama ya dengu. Ubaridi hauui vijidudu. Kipindupindu kilipolipuka Dar mwaka 2015, maji na vinywaji vya namna hii vilikuwa mambo ya kwanza tuliyoyafuatilia sisi wa afya. Kuna taifodi, na kuna homa ya ini aina ya E, inayoingia kwa maji machafu na ambayo huwaua wajawazito, hasa walio kwenye miezi mitatu ya mwisho, kuliko watu wengine.

Basi tengeneza nyumbani. Osha tunda kabla ya kulimenya, maana kisu huvuta uchafu wa ganda kuuingiza ndani. Maji ya kuchanganyia yachemke, na ya barafu vilevile. Blenda ifungue ile sehemu ya chini ya visu uioshe, huko ndiko mabaki yanakojificha. Kunywa papo hapo. Ikibaki, friji, isivuke kesho. Ukiwa safarini nunua ya boksi, imechemshwa kiwandani, ila soma ubavuni: nyingi ni maji, sukari na rangi.

Karibu nisahau balungi. Ulisema nesi amekuonya kuhusu presha. Wakikuandikia nifedipini, usiguse balungi wala juisi yake, kwani linaizidisha dawa mwilini. Machungwa hayana neno.

Nitakutumia kiroba cha machungwa kwa basi la Ijumaa, mkwe wangu akakipokee kituoni. Ukitoka kliniki nipigie picha ukurasa wa kadi wenye HB, yaani kipimo cha wingi wa damu. Ikiwa chini ya 11, nipigie simu kabla hujafika nyumbani.

Baba yako,
Muheza